Kidole Kimoja cha Maalim

Siku mliyoniaga hapo karakana mlinipa saa ya ukutani, halafu mmoja wenu akasimama akasema kwamba Bi Zuwena ni fundi mzuri, ila kila jambo hulisema mara mbili. Mkacheka nyote. Na mimi nikacheka, maana ni kweli. "Zima umeme kwanza. Umeuzima umeme?" Hayo mmeyasikia mpaka mmechoka. Saa yenyewe nimeitundika ukumbini. Inakimbia dakika nne kwa siku, na nshaifungua mara moja. Sasa nafasi ninayo, basi nakuandikieni namna nilivyofanya kazi humo ndani, na tabia hiyo niliitoa wapi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuwa vidogo, havijazi ukurasa.

Nilianza mwaka 1985. Karakana ilikuwa chumba kile kile mnachokijua, chini ya nyumba kongwe, mlango mkubwa na dirisha dogo, na ukuta unaotoa chumvi kila masika. Tulitengeneza vyombo vya muziki vya vilabu vya taarab na vya maskuli, na spika ya yeyote aliyekuja na spika. Ukoo wetu zamani ulikuwa na mashamba ya karafuu. Mimi nikarithi bisibisi, tena ya kununua mwenyewe. Kazi ya umeme nilijifunza kwa kaka yangu, aliyekuwa na kiduka cha kutengeneza redio Mlandege, na siku naingia karakana nilijiona najua.

Mkuu wetu alikuwa Maalim Makame, Mungu amrehemu. Alikuwa Mtumbatu, mwembamba, kofia haikuwahi kukaa upande hata siku moja. Baba yake na babu yake walikuwa mabaharia. Yeye bahari ilimtapisha, akaja mjini akashika fidla. Asubuhi akitengeneza fidla, udi na ganuni za watu, jioni akienda klabu kupiga yake. Umeme hakuupenda. Aliuogopa kwa adabu, kama mtu anavyomwogopa mkwe.

"Shikamoo, Maalim," nikamwambia siku hiyo ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye wa umeme?"

"Naam."

Cheti changu hakukiuliza. Alitwaa fidla iliyokuwa mezani, akavuta sauti moja, kisha nyengine iliyo jirani yake. "Baina ya hii na hii kuna nini?"

"Hapana kitu, Maalim. Zimepakana."

Akasogeza kidole kidogo tu, akavuta tena. Ikatoka sauti ya tatu, ambayo nimeisikia tangu utotoni katika nyimbo za bibi zangu lakini sikujua kuwa ina mahala pake. "Hii ndiyo inayomliza mtu," akasema. "Haya, kanifagilie chumba."

Nilifagia wiki mbili. Katika kufagia nilijifunza kuliko nilivyojifunza kwa kaka yangu, kwa sababu kilichoanguka chini ya meza ya fundi kinakwambia fundi mwenyewe ni wa namna gani. Chini ya meza ya Maalim hapakuwa na msumari hata mmoja. Palikuwa na unga wa mbao na manyoya ya upinde, basi. Mimi chini ya meza yangu mlikuta nini siku mliyonihamishia vitu? Msijibu.

Ile sauti ya tatu tuliiita sauti ya baina, na ndiyo iliyotugombanisha kwa mara ya kwanza. Miaka michache baada ya kuanza kwangu klabu ilipata kinanda cha umeme, hicho ambacho siku hizi mnakiita sinthesaiza: kinanda kinachotengeneza sauti chenyewe ndani, ya fidla, ya filimbi, ya chochote, kwa umeme mtupu. Wanaume wa klabu walikizunguka siku tatu bila ya mtu kukigusa. Mimi niliyekitoa katika sanduku nikaambiwa nikitunze, na kwa kuwa nakitunza basi nikipige. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga kinanda. Sikuomba.

Kinanda kile kilikuwa kizuri, lakini kati ya kibonye na kibonye hakina kitu. Sauti ya baina haimo. Kila wimbo ulipofika pale, Maalim alishusha upinde akasema, "Kimeruka." Tukirudia, "Kimeruka tena." Nikaazimia kumwonyesha. Upande wa kushoto wa kinanda kulikuwa na kigurudumu kidogo, cha kusukumwa kwa kidole gumba. Ukikisukuma mbele sauti inapanda, ukikivuta nyuma inashuka, ukikiachia springi inakirejesha katikati.

"Tazama, Maalim. Ukikisukuma kidogo, unaipata ile sauti yako."

Alitazama kwa juu ya miwani. "Kigari cha mtoto hicho," akasema. "Ukikiachia kinakimbilia kwao." Akarudi kwenye gundi yake.

Nilisema mara moja, naye akakataa mara moja, na kwa karibu miaka ishirini hatukulizungumza tena. Katika nyimbo zenye sauti ya baina nilikuwa nanyanyua mkono, naiachia fidla yake ipite peke yake, kisha naingia tena. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Wengine walinisifu kwa utulivu wangu.

Kazi ngumu nilizokutana nazo si zile mnazozifikiria. Kubwa mara nyingi ni rahisi: kimeungua, kibadilishe. Ngumu ni kile kinachoumwa na kupona. Kulikuwa na kinanda cha skuli moja ambacho kibonye kimoja kilikufa kila adhuhuri na kufufuka asubuhi. Nilikilehemu, nikakisafisha, nikakisemea. Mwisho nikakaa nacho kutwa nzima na kifuniko wazi, na ilipofika saa saba akaingia mjusi, akajilaza juu ya kibonye chake, akalala. Spika ya kijana anayetembeza wageni Jozani ililetwa imetafunwa waya. Yeye akasema kima, mimi nikasema panya, na mpaka leo hatujakubaliana.

Lakini adui wa kweli wa kinanda katika kisiwa hiki ni vitu viwili, chumvi ya hewani na moshi wa udi wa kufukiza. Chumvi huifanya shaba iote kijani. Moshi wa udi huacha utando mwembamba wenye mafuta, na kinanda kinachopigwa katika harusi mwaka mzima kikifunguliwa kinanukia kama kabati la bi harusi na hakisemi. Ndiyo maana nilibandika karatasi ile ukutani: CHETEZO KIKAE MBALI NA KINANDA. Mliikuta, mmeiacha, nashukuru. Nilikuwa naingia katika nyumba ya harusi nikiuliza kwanza chetezo cha udi kitapita wapi, ndiyo naamkia watu. Nilijulikana kwa hilo, na sikuona haya.

Sasa niwaelezeni habari ya Mize.

Mize alikuwa mjukuu wa Maalim, alizaliwa nikiwa bado mgeni karakana. Siku ya arubaini yake, Maalim alitunga bashrafu, yaani muziki wa kufungulia shughuli, usio na maneno, akasema mbele ya jamaa zake wote kwamba ataupiga siku mtoto huyo anapoolewa. Mpaka siku hiyo hakuupiga klabu hata mara moja. Aliupiga karakana tu, kila alipomaliza kutengeneza fidla ya mtu, kuijaribu. Kwa hiyo watu wawili tu duniani tuliujua mwanzo hadi mwisho, yeye aliyeutunga na mimi niliyekuwa nalehemu pembeni. Umejaa sauti ya baina. Nadhani aliufanya vile makusudi, ili kinanda kisiusogelee.

Miaka ikenda. Maalim alistaafu, akaendelea kuja kila siku kana kwamba hakuambiwa. Tukaingia miaka ya elfu mbili, Mize akaposwa, harusi ikapangwa. Miezi minne kabla ya harusi, Maalim aliamka asubuhi upande wake wa kulia wote umepooza. Ulimi ulikuwa mzito, akili nzima. Mkono wa kushoto, ambao kwa mpiga fidla ndio unaochagua sauti, ulikuwa mzima kabisa. Uliokufa ni mkono wa upinde.

Mize alikuja karakana peke yake. Aliniamkia, nikamvutia kiti, hakukaa.

"Bi Zuwena, babu kasema haji harusini."

"Atakuja. Nyumba yenyewe ya harusi ni yake, atakwenda wapi?"

"Kasema siku hiyo apelekwe Tumbatu. Nimemwambia, babu, njoo ukae tu nikuone. Kasema: nliahidi kupiga, sikuahidi kukaa."

"Na mwengine akiupiga?"

"Nimemuuliza. Kanitazama mpaka nikatoka chumbani." Hapo ndipo alipokaa. "Mimi nlitaka nitoke ndani kwa bashrafu yangu. Tangu mdogo naambiwa ni yangu, na sijawahi kuisikia. Sasa nimekuwa sitaki hata hiyo. Namtaka yeye asiondoke siku hiyo. Nifanyie maarifa, wewe anakusikiliza."

Hilo la kunisikiliza halikuwa kweli, lakini sikumwambia.

Jibu nililipata Mlandege, katika duka la jirani wa kaka yangu anayeleta bidhaa za Dubai. Ndani ya kapu la rimoti za televisheni zilizokosa televisheni zake, kulikuwa na kibao cheusi, upana wa kiganja, laini juu kama kioo. Mwenye duka alidhani ni kitu cha kompyuta. Mimi nikaona kwa nyuma tundu la pini tano, tundu la midi, nikanyamaza, nikakinunua. Bei yake ilikuwa kama ya kandambili, na kilitengenezwa kwa moyo huo huo.

Midi, kwa wale wapya, si sauti. Ule waya haupitishi muziki, unapitisha amri: piga hii, panda kiasi hiki, punguza. Kibao kile ukikigusa na kukitelezesha kidole kulia na kushoto, kinatuma amri ya kupandisha na kushusha sauti. Ukitelezesha mbele na nyuma, kinatuma amri ya kukuza na kupunguza. Kidole kimoja tu. Nikawaza, huyu mtu kidole anacho.

Nilikiunga na kinanda cha klabu, kikakaa kimya. Nikapima fyuzi. Nikapima umeme wa ukutani. Nikabadilisha waya, nikalehemu pini ambayo haikuwa na kosa. Karibu ya alasiri nikagundua nimechomeka tundu la kutoa katika tundu la kutoa, kila kimoja kinaamrisha na hakuna anayesikiliza. Miaka zaidi ya ishirini ya ufundi. Nilichomeka sawa, nikatazama mlangoni kama kuna aliyeniona.

Kinanda nilikipakia garini nikakipeleka Mpendae, nyumbani kwa Maalim. Alikuwa amekaa kitandani, kofia imenyooka. Nikamweleza. Nikaushika mkono wake wa kushoto nikauweka juu ya kibao, na mimi nikabonyeza kibonye kimoja nikakishikilia. Akatelezesha kidole. Sauti ikapanda, lakini kwa vipande vipande, tak, tak, tak.

Akaondoa mkono. "Hii inapanda ngazi," akasema polepole. "Mimi nateleza."

Alikuwa na haki. Kibao rahisi kama kile kina hatua mia moja na ishirini na nane tu kutoka ukingo hadi ukingo, na mimi nilizitandaza juu ya sauti nyingi mno, kwa hiyo kila hatua ikawa ngazi. Nikaupunguza ule upana. Na hili mlishike: upana wa kupinda sauti niliuweka ndani ya kinanda, si kwenye kibao, kwa sababu kibao kilikuwa kinasahau kila kitu umeme ukikatika, na umeme ulikuwa unakatika. Upana ulipopungua hatua zikawa ndogo, ngazi ikapotea. Lakini kidole sasa hakifiki kila pahala. Basi nikafikiria fidla yenyewe: uzi mmoja nao haufiki kila pahala, ndiyo maana ziko nne. Mimi nitakuwa nyuzi. Nitabonyeza sauti ya msingi, yeye atateleza kutoka hapo.

Siku ya nne nikarudi. Akagusa. Sauti ikateleza, ikafika pale baina, akaisimamisha hapo, akaitikisa kidogo kwa ncha ya kidole. Akanitazama.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, Maalim."

"Mimi sikukufundisha uganga," akasema, lakini mkono hakuuondoa.

Nilitaka kuweka alama za rangi juu ya kibao, ajue sauti ziko wapi. Alikataa. Fidla haina alama, alisema, na aliyezihitaji akapige ngoma. Jirani mmoja akaja akauliza kama inafaa mtu kupiga kwa mkono wa kushoto. Maalim akamjibu kwamba amepiga kwa kushoto miaka hamsini, ila watu walikuwa wakitazama kulia.

Tulifanya mazoezi kila siku baada ya alasiri, miezi mitatu. Tabu kubwa ilikuwa hii: kidole kikiinuka, kibao kinarejesha sauti katikati kwa kuruka. Kwa hiyo ilinilazimu niache kibonye changu kabla yeye hajainua kidole, nukta moja tu kabla, na nibonyeze kingine anapogusa. Ilinibidi nijue anapovuta pumzi. Wiki ya kwanza nilichelewa kila mara. "Unaingia kama mgeni," alikuwa akiniambia. Nikiwahi, "Unaingia kama mwenye nyumba." Katikati ya hayo mawili sikuambiwa niingie kama nani.

Wiki ya tano tulifika mwisho wa bashrafu bila ya kusimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama alivyouweka, lakini bega lake la kulia lilikuwa linakwenda na kurudi, linavuta upinde ambao haupo. Nikatazama dirishani. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na sikumwonyesha, kwa sababu angeniambia nimechelewa mahala. Mwenyewe akatuma Mize aitwe, maana saa za mazoezi alikatazwa kuikaribia nyumba asije akaisikia, akamwambia, "Waambie sendi Tumbatu."

Siku ya harusi nilijitayarisha kama naenda vitani. Nyaya mbili za akiba. Jenereta la jirani limekubaliwa. Betri mpya ndani ya kibao, ili umeme ukikatika kisisahau. Kibao juu ya kistuli mbele ya Maalim, Maalim kushoto kwangu, mimi kwenye kinanda. Chetezo nilikipangia njia yake mwenyewe, na wanawake wa nyumba wakaniitikia, "Tunajua, Bi Zuwena, tunajua." Moshi haukusogea. Niliridhika na nafsi yangu kiasi ambacho ningepaswa kushtuka.

Ilikuwa jua bado, chini ya turubai, wanawake wamejaa. Utaratibu ulikuwa bashrafu ianze, na ikishika njia Mize atoke ndani, aje akae pahala pake. Wapiga udi na dumbaki walikuwa nyuma yetu. Wametuzoea kwa mazoezi ya siku chache. Maalim akavuta pumzi, nikaingia. Sikuingia kama mgeni wala kama mwenye nyumba.

Kituo cha kwanza, yaani kipande chake cha mwanzo, kilikwenda sawa. Wanawake walinyamaza, na mnajua si jambo jepesi. Nikamwona Mize amejitokeza mlangoni, amesimama na mkono ukutani, anaisikia kwa mara ya kwanza.

Hapo akaja shangazi yake na mrashi.

Mrashi mnaujua. Hakuna harusi ya mji huu, tangu mama yangu hajazaliwa, ambayo watu hawarashiwi marashi ya mawaridi, na wapigaji ndio wanaorashiwa kwanza, ndiyo heshima yao. Mimi mwenyewe nimerashiwa katika kila harusi niliyopiga. Miezi mitatu nilifikiria umeme, chumvi, moshi, betri. Marashi sikuyafikiria hata mara moja. Na kibao kile hakijui kidole ni nini. Kinachokijua ni unyevu wa ngozi. Tone la maji kwake nalo ni kidole.

Shangazi alimrashia Maalim kichwani, mabegani, na kwa mapenzi zaidi juu ya mkono ule unaofanya kazi. Sauti ikapanda juu, ikashuka, ikapanda tena, ikalia kama paka wawili. Maalim akafuta kibao kwa mkono wa kanzu, na kufuta kukayatandaza. Ikawa paka wanne. Akainua mkono, lakini sauti haikutulia, kwa sababu vidole vya maji vilikuwa bado viko juu yake.

Mimi kidole changu kilikuwa juu ya kibonye. Nikikiinua, bashrafu inakatika, na Mize yuko mlangoni. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kinanda, nikaung'oa waya wa midi. Kilio kikakoma. Ikabaki sauti moja tu, imesimama pale ilipoachwa na maji, si yenyewe wala si ya jirani yake. Dumbaki ikaendelea kwa adabu. Mize hakusogea. Nilimtazama Maalim, na niseme wazi, niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa nimemtoa kitandani, nimemkalisha mbele ya watu, nimemfanyia kile kile alichokikimbia, kukaa bila ya kupiga.

Maalim alikitazama kinanda kutoka ncha hadi ncha, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni pa msikiti. Kisha akajigeuza juu ya kiti, akaupitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua chake, akaweka kidole gumba juu ya kile kigurudumu.

Akakisukuma. Kikapita mno, kwa sababu upana ule niliouweka ndani ya kinanda, ambao hata ulipopunguzwa ulikuwa mkubwa kuliko wa kawaida, kigurudumu nacho kiliupata. Akakirejesha kidogo. Sauti ikaingia baina, ikakaa. Akanipa pumzi, nikabadilisha kibonye.

Hakikuwa kitu chepesi. Springi ilikuwa inamvuta muda wote, na kukuza na kupunguza tena hakukuwapo; aliikuza sauti kwa kuitikisa tu. Alikosa pahala patatu. Mimi nilikosa pawili. Lakini aliipiga yote, kituo hadi kituo, na Mize alitembea kutoka mlangoni mpaka kitini pake macho yake hayakutoka kwenye kidole kile. Vigelegele vikapigwa. Baadaye mama mmoja alinijia akaniuliza kama tunaweza kuirudia ile sehemu ya mwanzo, ile ya kulia, kwamba ndiyo iliyomgusa khasa.

Wageni walipoanza kupakuliwa chakula, nikabaki na Maalim. Kofia yake ilikuwa imerowa marashi. Kidole gumba kilikuwa bado kiko juu ya kigurudumu; anakisukuma, anakiachia, kinakimbilia kwao, anakisukuma tena.

"Zuwena."

"Naam, Maalim."

"Hiki kilikuwapo tangu siku ile?"

"Kilikuwapo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Na nlikwambia, Maalim."

Alikisukuma mara nyengine, akakishikilia pale.

"Ungenambia tena," akasema.

Nikakunja waya.